Kabla hujaishusha stata

Mteja anaingia gereji akisukuma pikipiki, shati limemganda mgongoni kwa jasho. "Fundi, stata imekufa." Kijana aliyeanza kazi juzi anarukia spana namba 10, dakika tano baadaye stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, iko mezani. Hajauliza kitu, hajapima kitu, hata hajabonyeza kitufe asikie mashine inasema nini. Siwacheki, maana ndivyo nilivyoanza mimi mwenyewe hapa Ngamiani, Tanga, na kosa hilo lilinitia hasara ambayo sijaisahau.

Jamaa mmoja wa Sahare alikuwa akibeba samaki kwa pikipiki ya zamani, ya stata tu, isiyo na kiki. Alikuja analalamika kuwa akibonyeza inalia "tak" moja halafu kimya. Betri ilikuwa nzima, taa kali, honi kali. Nikamwambia stata imeungua. Tukanunua mpya, nikaifunga kwa madaha, nikabonyeza. "Tak."

Fundi mzee wa jirani alikuwa anatutazama muda wote. Akachukua waya mnene wa kuamshia gari, ncha moja akabana kwenye hasi ya betri, ya pili kwenye bodi ya injini, akaniambia bonyeza. Injini ikazunguka kama haijawahi kuumwa. Akaniambia niirudishe ile stata ya zamani. Nayo ikazunguka. Ugonjwa ulikuwa kwenye boliti ya arthi, pale waya wa hasi unapofungwa kwenye injini. Maji ya barafu ya samaki, yenye chumvi, yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye sanduku miezi na miezi, na chini ya ile boliti mlikuwa na kutu na unga wa kijani. Taa hula umeme kidogo, kwa hiyo ziliwaka. Stata inataka umeme mwingi kwa mpigo mmoja, na njia mbovu haiupitishi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiwa pwani hii anza na betri na nyaya. Hewa ya Tanga peke yake inakula shaba, achilia mbali samaki.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma kati ya 12.6 na 12.8. Usiishie hapo. Acha mita ya umeme palepale, bonyeza stata, utazame inashuka hadi wapi. Ikiporomoka chini ya 10, tatizo linaelekea kuwa la betri hata kama kabla ya kubonyeza ilisoma vizuri. Ichaji taratibu, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya ampea-saa 7, ichaji kwa ampea 0.7. Ukiipa chaji kubwa ili mteja awahi, unaiua. Na injini ikishawaka, ongeza mafuta kidogo upime tena kwenye betri. Ukikosa volti 13.5 mpaka 14.5 hivi, mfumo wa chaji una kasoro, na mteja atarudi wiki ijayo akisema ulimwibia.

Betri ikiwa salama, pima arthi. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo yenyewe ya hasi, nyingine kwenye bodi ya injini sehemu isiyo na rangi, bonyeza. Unataka karibu na sifuri. Ikisoma zaidi ya 0.3 hivi, fungua, piga msasa mpaka chuma kimetameta, paka grisi, kaza. Upande wa chanya fanya vivyo hivyo, kutoka betri hadi kwenye boliti ya stata, ila huko utavumilia mpaka nusu volti kwa sababu umeme unapita kwenye rilei, ile swichi ya umeme inayofungulia stata njia.

Masikio nayo yana kazi. "Tak-tak-tak" ya harakaharaka mara nyingi ni betri dhaifu au kichwa cha betri kilicholegea. "Tak" moja: rilei inavuta, lakini vidoto vyake vya kugusanisha umeme vimeungua, au njia mbovu, au stata yenyewe imekwama. Kimya kabisa, tafuta upande wa amri: fyuzi, kitufe, swichi ya klachi, swichi ya frii, yaani ile inayojua kuwa hakuna gia iliyoingia. Pikipiki za zamani hunyimwa umeme na swichi ya frii iliyochakaa zaidi ya watu wanavyodhani. Vuta klachi ujaribu tena. Na stata ikivuma vizuri huku injini haizunguki, usiiguse stata. Hapo klachi ya stata, ile inayoshika upande mmoja tu, inateleza, na iko ndani ya injini. Kazi hiyo kwa mwaka wako wa kwanza mwachie mkubwa wako.

Kuna kujaribu rilei kwa kuunganisha boliti zake mbili kubwa kwa bisibisi. Inafaa, lakini itatoa cheche na injini itazunguka hata ufunguo ukiwa mfukoni. Hakikisha gia iko frii na hakuna petroli inayovuja. Nimeona pikipiki ikiruka na kugonga ukuta wa watu.

Ikizunguka hapo, stata ni nzima. Isipozunguka, na betri na nyaya ulishazipima, sasa ishushe. Toa hasi kwanza, na siku ya kurudisha hasi iwe ya mwisho. Piga alama kwenye ganda, piga picha zile pete bapa za washa zilivyopangana. Usiigonge kwa nyundo. Sumaku zimebandikwa kwa gundi ndani na zinapasuka. Mara nyingi utakuta makaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye shaba inayozunguka, yameisha na vumbi jeusi limejaa. Safisha hiyo shaba, inaitwa komyuteta, kwa msasa laini, kwangua mifereji iliyo katikati ya vipande, kisha pima: kipande kimojawapo na shafti visipitishiane umeme hata kidogo. Vikipitishiana, hapo ndipo unapomwambia mteja anunue.

Yule wa Sahare nilimrudishia hela yake. Dukani hawakuipokea ile stata mpya, spea ya umeme ikishafungwa hairudi. Ile stata bado iko rafuni, na kila kijana mpya anayekuja kwangu huifungua na kuifunga mara tatu kabla hajagusa pikipiki ya mtu.