Kinga imepungua, au kinga imepunguza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Shangazi alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akawa anachomwa sindano za heparini. Wiki iliyofuata tukaandikiwa kuwa ana "upungufu wa chembe sahani wa kinga uliosababishwa na dawa ya kuyeyusha damu". Nyumbani wameshaanza kunong'ona kwamba ana upungufu wa kinga. Hicho ni Kiswahili sahihi?

JIBU: Marahaba. Kisarufi sentensi inapita, ila imewapoteza njia. Kwa Mswahili, "upungufu" na "kinga" yakikaribiana tu, akili inakimbilia UKIMWI, maana ndiyo maneno yaliyozaa kifupisho hicho. Kinga ya shangazi haikupungua. Imetengeneza kingamwili, yaani protini za mwili za kupambana na kisichotakiwa, dhidi ya heparini iliyoshikana na protini itokayo kwenye chembe sahani zenyewe, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda. Kingamwili hizo zikazichokoza chembe sahani, zikagandana, na idadi yake ikashuka. Mara nyingi hutokea kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu dawa ianze.

Tatizo ni ile "wa". Ya kwanza inataja kilichopungua, ya pili inataka kutaja kilichopunguza, na umbo ni lilelile. Msomaji atajuaje? Hapa nomino ziachwe, kitenzi kifanye kazi: "Chembe sahani zake zimepungua kwa sababu heparini imeifanya kinga ya mwili izichokoze zigandane." Ni ndefu, lakini aliyetenda na aliyetendwa wanajulikana.

"Kuyeyusha damu" naivumilia mtaani, si kwenye karatasi ya hospitali. Heparini huzuia damu isigande; kinachoyeyushwa ni bonge lililokwisha kuganda, tena kwa dawa nyingine kama streptokinesi. Kosa hili si dogo: anayesikia damu imeyeyushwa na chembe za kuigandisha zimepungua atahofia kutokwa damu tu, kumbe hatari kubwa ya hali hii ni mabonge ya damu miguuni na kwenye mapafu. Ndiyo maana madaktari husimamisha heparini, lakini humpa mgonjwa dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda.

Wala msifupishe mkasema "upungufu wa damu". Huo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Kwa wanaonong'ona, semeni tu: "Heparini imemkataa." Wataelewa, na ni kweli. Jina hilo la dawa mlitaje kila hospitali atakayokwenda, kabla hajachomwa sindano yoyote.