Maswali ya Wasomaji: Daktari wako wa familia anakuhudumia ipasavyo?

SWALI: Kila nikienda kwa daktari wetu wa familia presha yangu inasoma 155 mpaka 160 kwa 90 na kitu. Nyumbani mashine inaonyesha 132 kwa 82. Kule nesi hunipima nikitoka tu kwenye foleni, mkanda juu ya sweta. Nimeandikiwa dawa lakini sijaanza kumeza. Niamini kipimo kipi?

JIBU: Kwa unavyoeleza, cha kule hakikupimwa sawasawa, na dawa ambayo huenda ukameza maisha yako yote haistahili kuandikwa kwa kipimo cha namna hiyo. Mgonjwa hukaa kimya dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili sakafuni, miguu haijapishana, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba inapanda. Nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa, amevuta sigara au amefanya mazoezi, na apitie chooni kwanza, maana kibofu kilichojaa nacho hupandisha presha. Mkanda hufungwa kwenye ngozi, si juu ya nguo. Halafu asisemeshwe. Nesi anayeuliza hali ya watoto huku mashine inajaza upepo ana roho nzuri, ila anaharibu kipimo.

Kosa ambalo wengi hawalioni ni saizi ya mkanda. Mfuko wa hewa uliomo ndani yake unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, presha husomeka kubwa kuliko ilivyo. Mkono mwembamba ukifungwa mkanda mkubwa, husomeka ndogo. Kwa hiyo kituo chenye mkanda mmoja tu kwa wagonjwa wote kitakuwa kinawakosea baadhi yao kila siku, hata kama mashine ni mpya.

Siku ya kwanza hupimwa mikono yote miwili, na baada ya hapo hutumika ule uliosoma juu zaidi. Kila ziara ipimwe angalau mara 2, katikati pakiwa na dakika moja au mbili. Kituoni ugonjwa huthibitishwa kwa 140/90 au zaidi kwenye siku zaidi ya moja. Nyumbani mpaka ni 135/85, na wewe uko chini yake. Wapo watu ambao presha yao hupanda wakimwona daktari tu, na huenda wewe ni mmoja wao.

Pima nyumbani siku 7: asubuhi mara 2, jioni mara 2. Namba za siku ya kwanza usizihesabu, zilizobaki tafuta wastani. Rudi na daftari pamoja na mashine yenyewe ili ilinganishwe na yao. Kabla ya hapo mpigie daktari umuulize kama dawa inaweza kusubiri wiki hiyo, usijiamulie. Ila presha ikifika 180/120 na una maumivu ya kifua, macho yanaona ukungu au upande mmoja wa mwili umelegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Mwanangu wa miaka 2 anakohoa wiki sasa. Daktari amemtazama kifua akasema antibiotiki haihitajiki, turudi nyumbani. Huu si uzembe?

JIBU: Inategemea alitazama nini. Kwa mtoto anayekohoa, kazi kubwa inafanywa kwa saa na macho: nguo inapandishwa, mtoto anaachwa atulie kwenye mapaja ya mzazi, na pumzi zinahesabiwa dakika nzima. Anayehesabu sekunde 15 akazidisha kwa 4 anaweza kukosea sana, kwa kuwa watoto hawapumui kwa mpangilio. Mwenye miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia mwaka 1 hadi 5, ni 40. Kisha anaangalia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta hewa.

Kama aliyafanya hayo, akakueleza dalili za kukurudisha mbio, umehudumiwa vizuri kuliko ambaye angetoka na chupa ya dawa. Kikohozi cha mafua huweza kufika wiki 3, na makohozi ya kijani peke yake si ushahidi wa bakteria. Dalili zenyewe ni hizi: anashindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, degedege, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa shida. Kama hakukwambia hata moja, hapo una haki ya kulalamika.

SWALI: Daktari ananikatiza kabla sijamaliza kueleza. Nihame?

JIBU: Hauko peke yako. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1984 uliona mgonjwa anakatizwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Kabla ya kuhama, badilisha unavyoanza: "Daktari, nina mambo matatu," kisha yataje yote kwa kifupi, zito likiwa la kwanza. Wagonjwa wengi huacha zito mpaka wameshika kitasa cha mlango, muda umekwisha. Beba na pakiti za dawa zote unazotumia, za mitishamba pia.

Kuhama kuna gharama yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikusanya tafiti 22, na katika 18 kati ya hizo, wagonjwa waliobaki na daktari yule yule walikufa kwa kiwango kidogo zaidi. Bado, daktari asiyekusikiliza baada ya kumwambia waziwazi, muache.

SWALI: Niliambiwa "tukikuta tatizo kwenye damu tutakupigia." Mwezi umepita, kimya. Nishukuru?

JIBU: Hapana. Kimya kinaweza kumaanisha karatasi imeingia kwenye faili la mtu mwingine au sampuli haikufika maabara. Piga simu leo, omba nakala. Siku nyingine usiondoke bila kujua majibu yanatoka tarehe ngapi na nani wa kumuuliza.

SWALI: Nina kisukari. Kila nikienda natobolewa kidole, napewa dawa, naondoka. Inatosha?

JIBU: Haitoshi. Kidole kinaonyesha sukari ya dakika ile. Kipimo cha damu kiitwacho HbA1c kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, na hurudiwa kila miezi 3 hadi 6. Kwa mwaka, angalau mara moja, uchunguzwe ndani ya macho, mkojo upimwe protini na damu ipimwe utendaji wa figo. Miguu nayo hukaguliwa kwa uzi maalumu unaogusishwa kwenye nyayo huku umefumba macho, useme unapousikia. Kama hujawahi kuambiwa uvue viatu kwenye kituo hicho, vivue mwenyewe ziara ijayo na umwombe daktari atazame.