Nimerudi Arua, ndugu hawanilipi

SWALI: Mama, salamu. Nilisomea uhasibu Makerere, nikarudi kwetu Arua kufungua ofisi. Wenzangu wa Kampala wanasema nimejizika. Ndugu nao wananiletea hesabu za maduka yao, lakini hawalipi. Nirudi Kampala?

JIBU: Baki, mwanangu. Arua ni jiji tangu Julai 2020. Kongo iko jirani, Sudan Kusini haiko mbali, na zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wanaofanya biashara mipakani wanahitaji mtu wa kuwaeleza kodi kwa Kiswahili. Tena mfanyabiashara mdogo anayetunza kumbukumbu huweza kutozwa kodi ndogo kuliko asiyetunza. Mkokotolee mwenye duka tofauti hiyo kwa shilingi zake mwenyewe, ndipo umtajie ada yako.

Ndugu wahudumie bure mara moja, kisha bandika bei ukutani. Mjomba atanuna, najua inauma. Lakini ofisi ikifungwa, naye atakosa mhasibu.

Anzia sokoni, si kwenye mashirika ya misaada. Hayo hulipa vizuri, ila mradi ukiisha huondoka.