Pezi lako la kwanza la mbao: uanzie kwenye unene

Karibu kila anayeanza kuchonga pezi la ubao wa kupanda mawimbi huja na mchoro mzuri. Ameuhangaikia majuma mawili, ameukuza, ameupunguza, ameuliza watu kama ncha ilale nyuma zaidi au isimame. Nami nilianza hivyo hivyo, na pezi langu la kwanza lilipendeza sana ukilitazama ubavuni. Majini lilikuwa zito, na kila nilipopata kasi ubao ulivutika kushoto. Nilichonga mengine matatu kabla sijaelewa kwamba kazi yenyewe iko kwenye unene: mbao inanenepa wapi, inakonda wapi, na je, upande wa kulia unakonda sawasawa na wa kushoto?

Kabla ya mwaka 1935, mtu aliyetaka kugeuza ubao wake kwenye wimbi aliburuta mguu majini. Mwaka huo mpanda mawimbi Mmarekani Tom Blake, huko Waikiki, Hawaii, alifunga mkuku mdogo wa boti chini ya ubao wake, na sehemu ya nyuma ikaacha kuteleza ovyo. Pezi bado linafanya kazi hiyo ya kushika maji. Tena, maji yanapolijia kwa pembe, husukuma ubao pembeni kama bawa linavyoinua ndege. Ndiyo maana linachongwa kama bawa: ukingo wa mbele wa mviringo, tumbo lililojaa kidogo, kisha mteremko mrefu hadi ukingo wa nyuma ulio mwembamba. Bapa tupu la mbao litakuwezesha kwenda mbele, lakini utalisikia likiburuta.

Anza na pezi moja la katikati, lile la ubao mrefu, lenye kina cha sentimita 20 hadi 23. Pande zake mbili zinafanana, kwa hiyo unachojifunza upande mmoja unakirudia wa pili. Mapezi ya pembeni ni somo jingine kabisa. Mara nyingi huwa bapa upande wa ndani na yenye tumbo upande wa nje, na ni lazima la kulia na la kushoto yawe kama kitu na taswira yake kwenye kioo. Ubao wa mapezi matatu, ule ambao mpanda mawimbi wa Australia Simon Anderson aliupatia sifa mwaka 1981, una mambo mengi ya kupatanisha kwa mtu ambaye bado hajazoea randa. Kina kidogo cha pezi la pembeni kinadanganya watu wakidhani ni kazi ndogo.

Kwa mbao, shauri langu ni moja: tumia plaiwudi nzuri ya kuhimili maji, yenye safu nyingi nyembamba na isiyo na mapengo ndani. Milimita 9 zikiwa na safu saba zinatosha, mradi upime kwanza upana wa kisanduku cha pezi kilichomo kwenye ubao wako, yaani tundu refu chini ya ubao ambamo kitako cha pezi huchomekwa. Sababu ya kwanza ni nguvu. Nyuzi za kila safu zimelala kuikata safu jirani, kwa hiyo hakuna mstari mmoja dhaifu unaopita pezi zima. Pezi langu la pili lilikuwa la mbao ngumu ya kipande kimoja, na nilikuwa nimelikata nyuzi zikielekea kutoka mbele kwenda nyuma. Ncha ilipasuka na kubaki mkononi mwangu nilipokuwa nikilipiga msasa. Halikufika hata majini. Ukipenda mbao halisi kwa sababu ya rangi yake, gundisha vipande vyembamba pamoja na uhakikishe nyuzi zinapanda kutoka kwenye kitako kuelekea ncha, zikifuata mlalo wa pezi.

Sababu ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, na nitairudia baadaye: plaiwudi ina mistari ya gundi, na mistari hiyo itakufundisha kuchonga.

Kiolezo usikibuni. Chora kwa kufuata pezi ambalo umeshalipanda na ukaridhika nalo, ulihamishe kwenye kadi ngumu, kisha kwenye plaiwudi. Kata nje ya mstari kwa milimita mbili hivi ukitumia msumeno wenye ubapa mwembamba, halafu sogelea mstari kwa tupa. Hapo chini acha kipande kirefu cha ziada, cha mraba, ambacho utakibana kwenye jiliwa wakati wote wa kazi. Wengi hukata kila kitu mwanzoni, kisha wanabaki wakishika pezi kwa magoti.

Sasa chukua penseli. Zungusha mstari wa katikati kwenye ukingo wote, kuanzia kitako cha mbele, kupitia nchani, hadi kitako cha nyuma. Kwenye ukingo wa nyuma ongeza mistari miwili, mmoja kila upande wa ule wa katikati, ikiacha milimita mbili kati yake. Hapo ndipo utakapokoma. Mwisho, juu ya kila bapa chora mstari mmoja unaopinda kufuata umbo la pezi, ukipita theluthi moja ya upana kutoka mbele. Hiyo ndiyo sehemu nene kuliko zote. Chora pia mstari wa kukata mahali kisanduku kinapoanzia. Chini ya hapo randa isiguse. Sehemu inayoingia kwenye kisanduku inabaki bapa, na ukiilegeza kwa nusu milimita tu utasikia pezi likicheza kila unapogeuka.

Anza kwa randa ndogo, upande wa nyuma. Tengeneza mteremko kutoka mstari wa unene hadi mstari wa kukoma, kidogo kidogo, ukihamia upande wa pili kila baada ya mapigo kumi au kumi na tano. Usimalize upande mmoja kwanza. Mtu akimaliza upande mmoja, ule wa pili huuchonga kwa kuubahatisha ufanane, na mkono uliochoka haukumbuki ulichofanya asubuhi. Mteremko wa nyuma ukikaa sawa ndipo uzungushe ukingo wa mbele kwa tupa, kisha ukondeshe ncha.

Hapa ndipo mistari ya gundi inapoanza kutokea. Kila safu unayoikata inaacha mpaka, na mipaka hiyo inapangika juu ya pezi kama mistari ya mwinuko kwenye ramani ya mlima. Isome hivyo hivyo. Mahali mistari inapokaribiana, mteremko ni mkali. Mahali inapoachana, mteremko ni wa polepole. Mstari ukipinda ghafla kuelekea nyuma, una kinundu pale. Ukipinda kuelekea mbele, umechimba shimo. Ukiona mstari unayumba kama nyoka, randa yako ilikuwa ikirukaruka. Pezi zuri lina mistari inayotiririka bila kukatika kutoka kitako hadi ncha, na ukiligeuza unaona picha ile ile upande wa pili. Mimi huweka alama ya penseli pale kila mstari unapokata sehemu iliyo katikati ya kina, pande zote mbili, kisha napima umbali wake kutoka ukingo wa nyuma. Tofauti ikizidi milimita mbili narudi kwenye randa. Kwa plaiwudi ya safu saba, safu ya katikati ibaki katikati ya ukingo wa nyuma. Ukiona safu hiyo imetoweka upande mmoja, umevuka.

Pezi lile lililonivutia kushoto bado ninalo. Nilipojifunza kusoma mistari nililitoa, na tatizo lilikuwa wazi kama maandishi: upande mmoja mistari ilikuwa imebanana karibu na ukingo wa nyuma, upande mwingine imeenea vizuri. Nilikuwa nimelipanda miezi mingi nikidhani kosa liko kwenye ubao.

Mistari ikishakubali, ingia kwenye msasa: namba 80, kisha 120. Uzungushie kipande cha mbao au sponji ngumu, kwa maana kidole peke yake huchimba mabonde. Zima taa ya juu, weka taa moja pembeni ili mwanga ulale juu ya pezi, na vivuli vitakuonyesha kila kinundu. Halafu funga macho na upitishe pezi kati ya kidole gumba na vidole vingine. Vidole vinahisi kitu ambacho jicho limeshakizoea.

Vaa barakoa ya vumbi tangu dakika ya kwanza. Vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu tangu mwaka 1995, na vumbi la plaiwudi lina gundi ndani yake pia.

Kwa kulinda mbao, tumia resini ya epoksi na kitambaa cha faibaglasi. Vanishi peke yake haihimili mchanga. Tahadhari kubwa hapa ni hesabu ya unene, na niliilipia. Tabaka mbili za kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, kila upande, huongeza karibu milimita moja kwa jumla. Mimi nilichonga kitako kikaingia kwenye kisanduku barabara, nikapaka, nikakuta hakiingii tena, na nikalazimika kukwangua faibaglasi niliyoiweka jana yake. Punguza kitako kabla ya kupaka.

Pima resini na kigumishi chake kwa uwiano ulioandikwa kwenye chupa, bila kukisia. Kuongeza kigumishi hakuharakishi epoksi. Kunakuachia pezi linalonata milele. Ukishachanganya, mimina kwenye chombo kipana, kwa sababu ikikaa imejaa kikombeni hujipasha yenyewe hadi itoe moshi. Vaa glavu kila mara, maana mzio wa epoksi ukishakupata hauondoki. Na upake jioni au wakati wowote joto la chumba linaposhuka. Hewa iliyo ndani ya mbao hupanuka ikipashwa na kutoboa resini kwa vipovu vidogo. Ikipoa hunywea na kuivuta resini ndani.

Kitambaa kiache kipite ukingo kwa sentimita moja, cha kulia kikutane na cha kushoto na kushikana. Kikishakauka, kata ukiacha milimita chache za resini na nyuzi zikizunguka mbao. Ukingo huo ndio utakaogonga mchanga na mawe, na ukikwaruzika mbao haitaonja maji. Uzungushe, usiuache kama kisu. Pezi likali hukata mguu wako na wa mwenzako aliyeanguka karibu.

Kwa kawaida epoksi hukauka kwa siku moja kiasi cha kupigwa msasa, lakini ipe wiki kabla ya mawimbi. Siku ya kwanza chagua mawimbi madogo, funga pezi katikati ya kisanduku, na uweke alama ya penseli mahali lilipokaa ili ukilisogeza ujue ulikotoka. Ukisogeza nyuma, ubao utanyooka na kugoma kugeuka. Ukisogeza mbele, utalegea. Badili sentimita moja kwa wakati.

Na usikilize. Pezi likivuma kwa sauti ya juu unapopata kasi, maji yanaachana vibaya kwenye ukingo wa nyuma na kulitetemesha. Rudi ufukweni, chukua msasa namba 120, piga mapigo kumi upande mmoja tu wa ukingo huo, ndani ya robo ya chini. Ingia tena majini. Likiendelea kuvuma, panda robo inayofuata.