Kinanda cha umeme nacho kina ujana wake

Mdogo wangu, umeuliza kama muziki wa mashine unaweza kusimulia ujana wa mtu au ni kelele za disko tu. Unaweza. Tafuta Saturdays = Youth ya M83, ya 2008. M83 ni Anthony Gonzalez, Mfaransa wa Antibes. Albamu kaijenga juu ya kumbukumbu za ujana wake, ila sauti kaziazima miaka ya 1980: vinanda vinatanda kama ukungu, ngoma zina mwangwi wa ukumbi mtupu. Yeye kazaliwa 1980, miaka hiyo aliipita akiwa na kaptula. Si neno.

Anza na "Graveyard Girl". Katikati anaingia binti, haimbi, anaongea tu: ana miaka 15 na tayari anaona kachelewa kuishi. Mara ya kwanza niliisikia kwenye kivuko cha Msangamkuu, hedifoni upande mmoja imekufa, mama mmoja kaniegemezea ndoo ya dagaa magotini. Nikajiona kidato cha pili, nakaza utepe wa kaseti kwa penseli na nyumbani wanajua nafanya hesabu. (Sisi huku ujana tulitangaziwa na ngoma za jando, mtaa mzima ukajua. Huyu kajitangazia mwenyewe.)

Wimbo wa mwisho ni dakika 11 za sauti chache zinazojirudia, ruka ukitaka. Mimi huwa nalala humo.