Umeme ukirudi, laptop iwake yenyewe

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina laptop niliyoifunga juu ukutani, inarekodi picha za kamera usiku na mchana. Umeme ukikatika kwa muda mrefu inazima, na ukirudi haiwaki mpaka nipande ngazi nikabonyeze kitufe. Nimepekua mipangilio yote ya Windows sijaona pa kurekebisha. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri, ndugu. Hukupaona kwa sababu hapako kwenye Windows. Laptop ikishazima, Windows haina tena uwezo wowote. Kinachobaki macho ni saketi ndogo ya ubao mama (motherboard) inayosikiliza kitufe na chaja. Hiyo inapangwa kwenye BIOS, yaani programu ya msingi ya laptop inayoanza kabla ya Windows.

Izime, iwashe, na papo hapo gongagonga F2 kama ni Dell, F1 kama ni ThinkPad, au F10 kama ni HP. Kwenye Dell tafuta "Wake on AC" katika sehemu ya umeme. ThinkPad huandika "Power On with AC Attach", ndani ya Config kisha Power. HP nyingi za kiofisi huandika "Power On When AC Detected". Washa, hifadhi, toka. Ukikosa kabisa, jaribu kusasisha BIOS, lakini laptop nyingi za bei nafuu hazikuwekewa kipengele hiki na hakuna programu itakayokiongeza.

Sasa jambo linalowachanganya wengi: betri. Ukichomoa chaja na kuirudisha mara moja, hutaona kitu, maana laptop haikuzima, ilihamia kwenye betri tu. Jaribu hivi: izime kabisa, chomoa chaja, subiri kidogo, chomeka. Ikiwaka, jaribu tena kwa kuiacha iishiwe chaji yenyewe. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, hakikisha betri ikifikia kiwango cha hatari laptop inazima au inahifadhi kazi na kuzima, isiwe imeachwa bila amri. Ikikatika ghafla, rekodi zinaweza kuharibika.

Halafu kuwaka peke yake hakutoshi. Nywila ya BIOS, au PIN ya kufungulia diski, itaisimamisha hapo ikikusubiri. Programu ya kamera nayo iwekwe ijifungue kila Windows inapoanza, na kufunga kifuniko kusiilaze mashine.

Nina wasiwasi zaidi na hiyo betri inayokaa kwenye chaji mwaka mzima. Dell na ThinkPad nyingi zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite kiwango fulani. Iweke asilimia 80, kwa sababu betri inayokaa imejaa kwenye joto huchakaa haraka na inaweza kuvimba. Ukipanda huko juu, kagua sehemu ya chini ya laptop na padi ya kugusa (touchpad). Ukiona pameinuka, izime, chomoa chaja, betri ibadilishwe kabla hujaendelea kuitumia.