Usimtoe mtoto damu kabla hela ya maabara haijaandikwa

Wewe dada wa Busia, weka hizo fomu za ridhaa chini kwanza. Unasema skolashipu imetoka, karo na posho, na mwezi ujao unaanza kuchukua damu ya watoto wenye selimundu wanaotumia haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya ugonjwa huo, ujue kwa nini dawa inawakubali wengine na wengine inawakataa. Na kusoma jeni zenyewe? "Kuna profesa Marekani ameahidi kusaidia." Aisee.

Skolashipu inamlisha mwanafunzi, hailishi maabara. Hilo hakuna aliyeniambia.

Mimi nilikuwa nafuatilia jeni ya CYP2B6 kwa wagonjwa wa VVU waliokuwa kwenye efavirenzi, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya virusi. Jeni hiyo ndiyo huliwezesha ini kuvunja dawa ile, na aina yake ya polepole imejaa Afrika. Aliyerithi nakala mbili za aina hiyo, baba na mama, dawa inamlundikia mwilini: usiku majinamizi, asubuhi kizunguzungu, mwishowe vidonge vinaishia chooni. Na dozi ilikuwa miligramu 600 kwa kila mtu mzima. Swali zuri, hata kamati ya maadili ililipenda. Msimamizi wangu akanipa busara yake: "Kusanya tu, sampuli zikishakuwa kwenye friza hela zitakuja zenyewe." Zenyewe! Kama kuku jioni.

Nikakusanya. Hela wapi. Friza ya digrii 80 chini ya sifuri haina habari kwamba huna mfadhili. Stima ikipotea usiku mlinzi anakupigia, unatoka Kondele na boda kwenda kuamsha jenereta, na dizeli ni ya mfuko wako. Wauza kemikali wa Nairobi walinipa bei kwa dola, nayo ikapitwa na muda kabla sijapata hata nusu. Rafiki za msimamizi ng'ambo wakasema tuwatumie damu. Sawa, lakini hiyo inataka mkataba wa kuhamisha sampuli, na ridhaa ya mgonjwa inayosema damu yake itavuka mpaka. Fomu zangu hazikuwa na mstari huo, na msimamizi ndiye aliyezipitisha.

Ningevumilia hayo yote. Kilichoniua ni kwamba mwaka 2017 Kenya ilianza kuleta dolutegraviri, dawa nyingine ya VVU ya kuchukua nafasi ya efavirenzi, na hatimaye wagonjwa wakahamishiwa huko. Swali langu likazeekea kwenye friza. Mama mmoja wa Ahero akanisimamisha kliniki: "Daktari, ile damu yangu ilisema nini?" Udaktari wenyewe sijaupata hadi leo, ila friza ikiharibika niite.

Sasa profesa wako. Huenda ni mtu mwema kabisa. Lakini Mei 2025 NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku zenye fungu la kupitishiwa vyuo vya nje hadi ipange utaratibu mpya. Mtu anaweza kuahidi kwa moyo safi na asiwe na njia ya kukufikishia senti.

Kwa hiyo: sindano isimguse mtoto mpaka gharama ya kusoma jeni iwe kwenye bajeti yenye sahihi, mradi wako umetajwa humo. Mtoto wa selimundu damu yenyewe haimtoshi, ndio uichukue ikalale? Na usikimbilie jenomu nzima kwa sababu inapendeza kwenye pendekezo. Pima vipande vichache vinavyojulikana kuhusika na himoglobini ya kitoto (ile ya mtoto akiwa tumboni, ambayo haidroksiyurea huipandisha), kama vya jeni ya BCL11A, uone bei inavyoshuka. Au anza na data za H3Africa, ule mradi wa kusoma jeni za Waafrika wa NIH na Wellcome, wafadhili wa Uingereza, ulioanza 2012. Zinaombwa, hakuna anayedungwa.

Kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya inayoruhusu utafiti, na kama ujiandikishe Maseno au Eldoret, wengine watakujibu. Mimi nataka kuona ile ahadi iliandikwa vipi. Nakili barua pepe yake hapa, ficha jina.